Kasumba Mbili

Mjukuu wangu, juzi ulipokuja likizo na daftari lako la dawa, ukaniomba nikusikilize unavyokariri vipimo, ulifika kwenye mofini ya watoto njiti ukaona nimenyamaza. Ukadhani babu kapitiwa na usingizi. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi kwenye wodi moja ya kaskazini mwa Uingereza, Februari 1985, theluji imeganda kwenye vioo vya dirisha kama chumvi kwenye majaruba, nami nimesimama namtazama mtoto ambaye uzito wake haukufika pakiti ya sukari ya kilo moja. Nilitaka kukueleza palepale, lakini bibi yako alikuwa anapakua, na habari hii si ya kusimulia mbele ya wali wa moto. Basi nimeiandika, uisome kwa nafasi yako.

Nilifika kule Oktoba 1981 nikiwa na koti la suti nililoazima kwa shemeji yangu, koti la harusi, ambalo upepo wa kule ulilipenya kama chandarua. Chumba changu kilikuwa juu ya duka la viatu, pauni 14 kwa wiki, na ndani yake mlikuwa na jiko la gesi la kuotea moto lililokula sarafu za peni 50. Ukiacha kulilisha linazima, hata kama ni usiku wa manane. Mji mzima ulinuka chachu kwa sababu ya kiwanda cha bia kilichokuwa bondeni, na asubuhi harufu ile ilichanganyika na moshi wa makaa ya mawe ikawa kama mkate ulioungua. Barua za nyumbani zilikuwa barua za foleni: foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya sabuni. Mwalimu alikuwa bado yuko Ikulu, na mama aliniandikia kwamba mche wa sabuni umekuwa wa kuombwa kwa heshima kama posa. Kule nako hapakuwa na raha yoyote. Wachimba makaa walikuwa kwenye mgomo tangu Machi 1984, na getini kwetu walisimama na ndoo za plastiki wakichangisha, nyuso zimewapauka kwa baridi, wakimtaja Mama Thatcher kwa maneno ambayo sitayaweka hapa. Nikipita nilitia peni 10. Wengine walinishukuru kwa kuniita “duck”, yaani bata, nikakasirika wiki nzima mpaka nikaelezwa kwamba kwao hilo ni neno la mapenzi.

Wodi yetu ya njiti, nilikokuwa nesi, ilikuwa na joto la Tanga. Ukifungua mlango miwani ilijaa ukungu, kisha ikakupokea harufu ya ile sabuni ya rangi ya waridi tuliyonawia hadi viwikoni, harufu ya plastiki iliyopashwa moto, na ukiinama juu ya mtoto, ya maziwa yaliyoanza kuchacha kwenye mikunjo ya shingo. Palikuwa na inkyubeta nane na mashine za kupumulia ambazo mlio wake uliuzoea hadi ukawa unausikia usingizini. Sista wetu mkuu alikuwa Mwairishi, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu kama aliyetoka kufua, aliyewaimbia watoto nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akidhani hatumsikii. Kifuani alibandika kwa pini funguo za kabati la dawa za hatari. Kabati lile lilikuwa ndani ya kabati jingine, funguo mbili, na kila chupa iliyotoka iliandikwa daftarini kwa sahihi mbili. Humo ndimo ilimokaa mofini. Mwaka wangu wa kwanza pale sikuona hata mara moja funguo zile zikishuka kutoka kifuani mwa sista kwa ajili ya njiti.

Mtoto ninayemkumbuka alizaliwa wiki ya 27, gramu 940, na siku ninayoisema alikuwa na siku 11. Mtoto akiwa tumboni hahitaji mapafu, kwa hiyo kuna mshipa mdogo karibu na moyo unaoikatizia damu njia isipitie huko. Akizaliwa mshipa ule hujifunga wenyewe. Kwa njiti mara nyingi haujifungi. Damu inafurika mapafuni, na mashine ya kupumulia inashindwa kazi. Alipewa indomethasini ili uzibe, haukuziba. Ikaamuliwa apasuliwe ubavu wa kushoto, mbavu zitanuliwe, mshipa ufungwe kwa uzi. Upasuaji wenyewe hauchukui muda mrefu ukiwa na mikono mizuri, na daktari wetu alikuwa nayo.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, nikimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono njia nzima. Daktari wa nusukaputi alikuwa bwana mstaarabu, kiko mfukoni, aliyekuwa akinikaribisha kwake kila Krismasi nikale bata mzinga. Akampa mtoto gesi ile inayoitwa ya kuchekesha na dawa ya kulegeza misuli. Basi. Ya kuondoa maumivu hapakuwa na tone. Dawa ya kulegeza misuli haiondoi fahamu wala haizuii kuhisi. Inazuia mwili usitikisike. Ni sawa na kumfunga mtu kamba na kitambaa mdomoni, kisha ukasema ametulia. Kisu kilipogusa ngozi niliitazama mashine ya moyo, kwa kuwa uso wa mtoto ulikuwa umelegea kama wa mwanasesere na haukuwa na la kunieleza. Mapigo yalikuwa 150. Yakapanda 170, 190, yakapita 200, na shinikizo la damu likapanda nayo. Bwana wa nusukaputi akaandika namba zile kwenye karatasi yake kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyesema neno, na mimi nikiwemo.

Nami nilikuwa najua. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Siku mbili kabla yake nilimchoma mtoto yule kisigino nitoe damu ya kupima. Mtoto mwenye mrija wa kupumulia hana sauti, kwa sababu mrija umepita katikati ya nyuzi za koo. Lakini nilimwona: nyusi zilivimba na kukaribiana, macho yakafumbwa kwa nguvu hadi yakawa mistari miwili, pande za pua zikafanya mikunjo inayoshuka hadi kwenye pembe za mdomo, mdomo ukaachama mraba kuuzunguka mrija, na ulimi ukakakamaa. Mtoto alikuwa analia, ila kilio hakikuwa na mlio. Mamako mdogo angekuja pale akiwa na miaka minne angesema, “Baba, mtoto analia.” Mimi nilifundishwa kuita jambo lile mshtuko wa neva tu, nikafundishika.

Mama yake alikuwa msichana wa miaka 19, anakaanga chipsi dukani, na koti lake lilinuka mafuta na siki. Mumewe alikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa mshahara wake. Jioni ya kabla ya upasuaji alisimama kando ya inkyubeta, kidole chake kimoja kimeshikwa na ngumi ya mwanawe, akaniuliza kama mtoto atahisi. Nikamwambia hapana, wa umri huu hawahisi. Akashusha pumzi, akaenda kulala. Mwezi wa Juni mtoto alipotoka akiwa na kilo mbili na nusu, mama yule aliniletea bati la biskuti, akaniambia hatasahau kwamba mimi ndiye niliyemfanya apate usingizi usiku ule. Bati unalifahamu. Bibi yako anawekea nyuzi na vifungo.

Sasa nikueleze kwa nini watu wema walifanya vile, usije ukadhani wodi ile ilikuwa ya makatili. Walikuwa na sababu tatu. Ya kwanza, vitabu vilisema mishipa ya fahamu ya njiti bado haijavikwa ule utando wake wa mafuta, kwa hiyo habari ya maumivu haifiki. Ya pili, hata ikifika, hatakumbuka. Ya tatu ilikuwa nzito kweli: mofini hupunguza pumzi na kushusha shinikizo la damu, na mtoto wa gramu 940 hana akiba ya kupoteza. Kwetu lipo neno kasumba. Vijana wa siku hizi mnalijua kwa maana ya mawazo mabovu yaliyomganda mtu kichwani, kasumba ya kikoloni na kadhalika, lakini wazee waliolitumia kwanza walimaanisha afyuni yenyewe, ile inayovutwa, ambamo ndimo mofini inamotoka. Huwa nacheka peke yangu nikilifikiria. Tulimnyima mtoto kasumba ya dawa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumelewa kasumba ya vitabu.

Mtu aliyetuzindua alikuwa mgeni kama mimi. Kanwaljeet Singh Anand, daktari kutoka India, alifika Oxford mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa ufadhili wa Rhodes, mwenye kilemba cha Kisingasinga. Aliona jambo ambalo kila nesi wa njiti alikuwa akiliona: watoto walikwenda kupasuliwa wakiwa na nafuu, wakarudi hoi, rangi imewatoka, moyo unakwenda mbio. Wengine tuliona tukanyamaza. Yeye aliuliza, kisha akapima. Yeye na wenzake walichukua njiti 16 waliokuwa wafungwe mshipa uleule niliokueleza. Wanane walipewa gesi na dawa ya kulegeza misuli kama desturi, wanane wakaongezewa fentanili, ndugu wa mofini aliyetengenezwa maabara, mwenye nguvu kuliko yeye mara nyingi. Wakapima homoni za dhiki katika damu. Wale wasiopewa fentanili miili yao iliwaka kwa homoni hizo, ikala akiba yake yenyewe, na baada ya upasuaji ndio waliopata matatizo zaidi. Makala ilitoka kwenye jarida la tiba la Lancet Januari 1987. Mwezi Novemba mwaka huohuo Anand na mwenzake Hickey wakaandika nyingine kwenye jarida la tiba la New England, wakaibomoa hoja ya utando wa mafuta: kukosa utando kunachelewesha habari, hakuizuii, na kwa mwili mfupi kama ule safari yenyewe ni fupi. Hata kwa mtu mzima, mingi ya mishipa inayobeba maumivu haina utando huo.

Wakati huohuo Marekani mama mmoja alikuwa amegundua, baada ya mwanawe njiti kufariki, kwamba alipasuliwa kifua bila dawa ya maumivu. Hakunyamaza. Magazeti yakaandika, wazazi wakaanza kuuliza, na mwaka 1987 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatamka kwamba desturi ile haina tena uhalali. Kwetu wodini nakala ya Lancet ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha chai, ikapata madoa ya kahawa upesi. Bwana wa nusukaputi aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akanitazama. Hakusema kitu. Krismasi ile hakualika mtu.

Funguo zikaanza kushuka kifuani mwa sista. Na hapo, mjukuu wangu, ndipo nilipoelewa kwamba wale waliokuwa wakiiogopa dawa hawakuwa wajinga kabisa. Fentanili ukiisukuma haraka, kifua cha mtoto hukakamaa kama ubao, mashine ikashindwa kuingiza hewa. Nimeona mara moja, na mara moja inatosha. Mofini nayo ni suala la kipimo na saa. Nusu ya mofini huondoka katika damu ya mtu mzima kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa njiti, ambaye ini na figo zake bado zinajifunza kazi, huchukua karibu saa tisa. Ukimpa ya pili kwa ratiba ya mtu mzima, unaipandisha juu ya ile ya kwanza ambayo bado ipo, na usiku unakwenda hivyo, kidogo juu ya kidogo, mpaka mtoto anasahau kuvuta pumzi.

Mwaka 1988, zamu ya usiku, saa kumi alfajiri, nilikuwa navuta mofini kwa mtoto wa kilo moja kasoro kidogo. Chupa ya mtu mzima ilikuwa na miligramu 10 katika mililita moja, yaani dozi mia kwa mtoto yule, kwa hiyo unaizimua, kisha unaizimua tena. Daktari alikuwa ameandika nukta, kisha moja: miligramu, nukta moja. Hakuweka sifuri mbele. Nukta ilikuwa ndogo, kalamu ilikuwa inakwisha wino, na macho yangu yalikuwa na saa tisa za zamu. Nilisoma moja. Mwenzangu, nesi wa Kijamaika aliyekuwa hana haraka na jambo lolote duniani, alikuwa anatia sahihi ya pili. Akaishika karatasi akaisogeza kwenye taa. “Nisomee tena,” akasema. Nikasoma tena, moja. “Tena, mpenzi.” Ndipo nikaiona ile nukta. Nilikuwa nimevuta mara kumi ya kipimo. Bomba lilikuwa mkononi mwangu, limekwisha tolewa hewa, nimeshanyanyua kiungio cha dripu. Mtoto alikuwa amelala, kofia ya sufu ya kijani kichwani. Tuliimwaga dawa kwenye sinki, tukaandika daftarini imemwagwa na kwa nini, tukatia sahihi mbili. Kisha nikaenda chooni nikatapika. Mwenzangu hakuwahi kunikumbusha jambo lile, wala sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Kuanzia wiki ile wodi yetu iliandika dozi za njiti kwa mikrogramu, namba nzima, pasipo nukta, na naloksoni, dawa ya kuitangua mofini, ilikaa kwenye trei kila tulipofungua kabati.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, mengine utayasoma darasani. Wazungu wakiacha jambo huliacha mbio. Miaka ya 90 wodi nyingi zilianza kumtundikia kila njiti aliye kwenye mashine dripu ya mofini, analalamika halalamiki, kana kwamba wanalipa deni. Anand mwenyewe alikuwa na ujasiri wa kulipima hilo nalo. Yeye na wenzake walichukua njiti 898 katika hospitali za Marekani na Ulaya, wengine mofini, wengine dripu isiyo na dawa, matokeo yakatoka 2004: mofini ya jumla jumla haikupunguza vifo wala kuvuja damu kwenye ubongo, na ilishusha shinikizo la damu. Walioongezewa dozi juu ya dozi ndio waliofanya vibaya zaidi, ingawa huenda ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Na Oxford ileile, katika utafiti uliochapishwa 2018, walijaribu kuwapa njiti mofini ya kunywa kabla ya kupimwa macho, kipimo ambacho kinauma vibaya. Walipofika watoto 31 wakasimamisha, kwa sababu pumzi zilikuwa zinasumbua na nafuu ya maumivu haikuonekana. Mimi nilishastaafu, nilikuwa hapa Tanga napogoa michungwa, lakini niliposikia nilikaa chini ya mti muda mrefu. Dawa iliyomwokoa mtoto chini ya kisu haikufaa kwa mtoto wa kipimo cha dakika mbili. Kwa kisu mpe, na ampe mtu anayejua. Kwa mashine peke yake, mwangalie kwanza. Kwa sindano ya kisigino, zipo njia nyingine: tone la maji ya sukari ulimini, ziwa la mama, kifua cha mama.

Kifua cha mama tumekuwa nacho siku zote. Wakolombia ndio walioanza kukitumia kama tiba kamili, Bogotá, mwishoni mwa miaka ya 70, kwa kukosa inkyubeta za kutosha, na leo ndio huo mtindo wa kangaruu mnaofundishwa. Muhimbili, hospitali yetu ya taifa, wamo katika utafiti uliochapishwa 2021 ulioonyesha kwamba njiti akiwekwa kifuani mapema, hata kabla hajatengemaa, vifo hupungua kwa robo. Binamu yako alipojifungua mapacha wa wiki ya 30, nilimkuta kawafunga kwa khanga mmoja juu ya mwenzake, wodi inanuka maziwa na ndimu, hakuna mashine inayopiga kelele. Nilifurahi. Lakini pia niliuliza kama mofini ipo endapo mmoja atahitaji kupasuliwa. Nesi, binti wa rika lako, aliniambia kwa upole kwamba ile ni ya wagonjwa wa saratani, watoto hawaihitaji. Kijana yule hakuwa amezaliwa mwaka 1985. Majirani zetu Uganda wamekuwa wakichanganya mofini ya maji na kuwapa wauguzi wao ruhusa ya kuiandika, kwa hiyo usiniambie mikono yetu haiwezi. Nilimwomba aketi, nikaanza kumsimulia habari ya wodi ile ya theluji, akaitwa na mgonjwa mwingine kabla sijafika katikati.

Basi wewe niliyekushika umesoma hadi mwisho. Jumatatu unarudi zamu. Andika kwa mikrogramu. Na ukilazimika kuandika miligramu, weka sifuri kabla ya nukta. Mpe mwenzako asome kwa sauti, hata kama amechoka, hata kama atakuona msumbufu. Sukuma polepole. Kisha vuta kiti ukae, umtazame mtoto nyusi na macho na pande za pua mpaka dawa ishike, na mama yake akikuuliza kama mwanawe anahisi, mwambie ndiyo.